Tekla Upande wa Hasara

Haya nilisimuliwa na mama yangu mdogo, Tekla, mwaka 1958, mwezi wa Novemba, tulipokuwa uani kwake Igalula tukimenya karanga za mbegu. Karanga za mbegu humenywa kwa vidole, moja moja, zisije zikavunjika, kwa hiyo mtu ana muda wa kusema na mwenzake ana muda wa kusikiliza. Alisimulia siku mbili bila kupandisha sauti hata mara moja. Mimi nayaandika kama alivyosema, na pale nilipoongeza langu mtaona wenyewe.

Mumewe, Baba Mdogo Nikolaus, alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Kazi yake ilikuwa kupima magunia, kuandika risiti na kubandika karatasi kwenye mizigo. Si kazi mbaya. Lakini yeye aliibeba kana kwamba reli nzima, toka Dar es Salaam hadi Kigoma, ingesimama siku akipatwa na mafua. Alitembea taratibu, kalamu sikioni, kofia ya pama kichwani hata jua likiwa limezama. Mtu akimwamkia, "Shikamoo karani," alipiga kwanza hatua mbili ndipo aitikie marahaba, ili mtu ajue amejibiwa na nani.

Mwaka 1951 ulipokuwa unaisha, alikuja Mzungu mkaguzi kufunga vitabu vya stesheni. Mzungu alikaa siku mbili, akapiga mistari kwa rula, akaandika faida huku na hasara huku, shahidi akasaini, kisha Mzungu akapanda treni akaenda zake. Nikolaus akapendezwa mno. Hesabu yenyewe hakuiweza sana. Kilichompendeza ni rula. Akatangaza kwamba nyumba yake nayo itafungwa vitabu, siku ya mwaka mpya.

Basi Jumanne, Januari mosi, walipotoka kusali, Nikolaus aliweka meza katikati ya sebule, akatandika kitambaa, akapanga daftari, rula, na chupa mbili za wino, mweusi na mwekundu. Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni na binti yao Apolinaria kutoka kwenye kinu, wakaja wakasimama mbele yake kama watu waliopoteza tikiti.

Huyo Apolinaria alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa amemaliza darasa la tano kwa masista, shule ya bweni Tabora mjini, na alitakiwa kurudi tarehe kumi na nne aanze la sita. Ada ilikuwa shilingi sitini, inalipwa siku ya kufungua. Asiyekuja nayo, nafasi yake anapewa mwingine, na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi. Tekla alilijua hilo. Tangu Oktoba alikuwa anamwuliza mumewe habari ya ada, naye mumewe anamjibu, "Tutaona vitabu vikifungwa." Yeye mwenyewe Tekla hakuwa na sitini. Karanga alizolima kwa jembe lake ziliuzwa Julai, na hela alizipokea Nikolaus, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa amesimama kwenye mizani.

Nikolaus akakohoa, akasoma.

"Faida. Mshahara, themanini na tano mara kumi na mbili, elfu moja na ishirini. Mengineyo, tisini na sita. Hasara. Tekla, mia mbili na arobaini. Apolinaria, sabini na nne. Jumla ya hasara, mia tatu na kumi na nne."

Akawatazama kwa zamu.

"Hasara ya nyumba hii ina majina mawili," akasema.

"Mimi nimepoteza nini, Baba Apolinaria?" Tekla akauliza.

"Sikusema umepoteza. Kila mwezi nimekupa ishirini, na hakuna mwezi hata mmoja ambao zilirudi."

"Zirudi vipi? Zilikuwa chumvi na sabuni na mafuta ya taa."

"Basi umejibu mwenyewe. Hiyo ndiyo hasara."

Akafungua ukurasa wa mwaka mpya. Pale juu palikuwa pameandikwa: Suti, tisini. Chini yake: Apolinaria, na mbele ya jina hapana kitu. Nikolaus akachukua rula, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, akapiga mstari juu ya jina la mwanawe, taratibu, umenyooka kama njia ya reli. Nasikia aliupuliza ukauke.

Habari ya suti ilikuwa hivi. Tarehe ishirini Januari angepita mkubwa mmoja wa reli kukagua stesheni, na palikuwa na uvumi kwamba karani mmoja wa mizigo atahamishiwa Tabora, kwenye ofisi yenye feni. Nikolaus akaona anayestahili feni ni yule mwenye suti ya kijivu. Alikwishampa fundi sitini za kutangulia, na thelathini zingefuata. Sitini kamili, kama ada. Sijui kama yeye aliona kwamba ni hesabu moja. Mtu anayeona rula tu haoni mengi.

Apolinaria aliutazama ule mstari. Hakulia. Alirudi kwenye kinu, akayatwanga yale mahindi hata yakapita unga.

Tekla hakusogea.

"Vitabu vya Mzungu vilikuwa na shahidi," akasema. "Hivi vyako shahidi ni nani?"

Hilo Nikolaus hakuwa amelifikiria. "Kweli," akasema. "Lazima asaini mtu wa nje."

"Mwite Mabruki. Ni fundi, maisha yake ni kupima."

Hapa lazima nimweleze Mabruki. Alikuwa fundi cherehani, yuleyule aliyepewa sitini za suti, na baraza yake ilitazamana na stesheni. Mwislamu, mzaliwa wa Tabora mjini, lakini babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na msafara kutoka pwani, akaoa huku, asirudi tena. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ile. Wapagazi wetu walikwenda kwao na pembe mabegani, watu wao wakaja kwetu na nguo, na aliyekufa njiani alizikwa na mtani wake. Kwa hiyo mtani anakwambia neno lolote, hata mbele ya wakwe zako. Anaingia kwako, anachukua kitu chako, nawe unacheka. Ukikitaka, unakikomboa kwa bei atakayotaja yeye. Ukikasirika, unalipa faini. Mtoto wa miaka saba anayajua haya, na mwenye akili hamwonyeshi mtani wake hata mahali anapoweka chumvi.

Nikolaus alimwita mtani wake aje asome daftari lake. Alitaka kusifiwa, na pale Igalula ni Mabruki peke yake aliyejua kusoma bila kuwa mkubwa wake wala mdogo wake kazini.

Mabruki akaja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hodi, mpagazi wangu. Nasikia leo umebebeshwa karatasi."

"Karibu, mla nazi. Keti, usaini hapa."

"Nisaini nisichokisoma? Babu yangu alisaini hivyohivyo, akajikuta Unyamwezi."

Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akalowesha kidole, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole. Nikolaus alikaa wima akingoja sifa.

"Hii Heshima ni nini?" Mabruki akauliza.

Heshima ilikuwa na ukurasa wake, upande wa faida. Kofia ya pama, kumi na nane. Saa ya mnyororo, sitini na tano. Picha sita za studio, ishirini na nne. Sigara za kopo za kuwagawia wageni. Kuku wawili kwa bwana stesheni, sita. Ikaendelea hivyo mpaka chini, jumla mia tatu sabini na moja.

"Heshima inazaa," Nikolaus akasema. "Mkubwa akikuona una heshima anakupandisha cheo. Ndiyo maana nimeiweka kwenye faida."

"Imezaa ngapi mpaka leo?"

"Bado."

"Mwaka mzima bado. Hata punda kwa muda huo huzaa." Akafunua ukurasa. "Na hao kuku uliwanunua wapi?"

Nikolaus akatazama saa yake.

"Ni wa mama," Apolinaria akasema kutoka kwenye kinu. "Yule mwekundu na yule asiye na mkia."

"Na huyu Mengineyo? Tisini na sita si hela ndogo. Ni mpangaji wako?"

"Ni karanga," Nikolaus akasema.

"Karanga za nani?"

"Za nyumba."

"Kumbe nyumba yako inashika jembe. Ya kwangu mimi imekaa tu, hata kwenda sokoni haijui." Akavua miwani. "Haya, mpagazi, nimeelewa. Mimi dukani kwangu kukiwa na kitu cha hasara nakitoa. Wewe hasara yako umeiandika kwa wino na umeipa majina. Basi mimi mtani wako nimeichukua. Mama Apolinaria, funga mzigo, na huyo mwanao. Mwanne yuko nyumbani, atawapokea."

Mwanne ndiye mkewe Mabruki, shoga yake Tekla.

Nikolaus akacheka, kama alivyopaswa. Tena alicheka kwa kujiamini, maana alidhani jioni watarudi.

"Chukua, Mzaramo. Chukua, uone hasara."

"Umesema mbele ya mtoto."

"Nimesema."

"Na vitu visivyomo daftarini?"

"Kisichomo daftarini si changu," Nikolaus akasema, na akagonga meza kwa rula.

Nilimwuliza Mama Mdogo kama alijua kwamba atasema hivyo. Akabandua ganda la karanga, akaitazama kama ina mdudu, akaitia kwenye ungo. "Nilikuwa nimekaa naye miaka kumi na minne," akasema. "Kumjua Nikolaus kunachukua mwaka mmoja. Hiyo kumi na mitatu nilikuwa napumzika."

Wakahama. Tekla alibeba magunia mawili ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Akabeba karanga za chakula, majani makavu ya kunde, mtungi wa asali aliyoletewa na kaka yake kutoka misitu ya Usinge. Apolinaria akabeba kinu na mchi, akarudi akafunga miguu kuku kumi na mmoja. Wakabeba kuni zote zilizokuwa ukutani. Mwisho kabisa Tekla akajitwika mtungi wa maji, na maji yakiwamo. Walikwenda na kurudi mara nne, na Nikolaus alikaa mezani akiwatazama wanavyopita, bado anacheka, ila cheko la mara ya nne halikuwa kama la mara ya kwanza.

Jioni hawakurudi. Nikolaus akaingia jikoni mwenyewe. Alikuta majani ya chai, sukari, birika zuri la maua, na mchele kidogo, vyote alivyovinunua yeye na kuviandika. Maji hayakuwepo, wala kuni. Akakaa kwenye kigoda, kofia kichwani, mikono imeshika birika.

Kesho yake akaanza kununua. Debe la maji kwa mwanamke wa jirani, senti ishirini. Mzigo wa kuni, senti thelathini. Chakula kwa mama aliyekuwa akiwauzia abiria mihogo na maharage, shilingi moja na senti ishirini kwa siku, tena akala kwa aibu, amegeukia ukuta. Kufuliwa nguo, shilingi mbili. Yote aliyaandika, kwa sababu alikuwa mtumwa wa daftari lile. Aliandika upande wa hasara, na mahali pa jina aliacha wazi. Hakujua aandike jina la nani.

Huku nako treni ikiingia tu, Mabruki anasimama barazani kwake.

"Karani," anaita, abiria wote wakisikia, "hasara yako jana imepika ugali na uyoga. Imeniletea kuni mizigo miwili. Leo imekwenda kupalilia. Huna hasara nyingine uniongezee?"

Abiria wanacheka, wabeba mizigo wanacheka, na Nikolaus inambidi acheke, meno nje, shavu limekakamaa. Siku nane akacheka hivyo. Siku ya tisa, Alhamisi, ikamshinda. Akamwambia Mabruki anyamaze, mwana wa mshenzi, na akakanyaga mguu chini. Wabeba mizigo wakapiga makofi. Alikuwa amemkasirikia mtani mbele ya watu. Faini ni kuku.

Kuku wakati wa palizi hawapatikani ovyo. Alizunguka nyumba nne. Mwisho akapita nyuma ya duka la Mabruki, uani, alikokuwa mkewe anapepeta.

"Nauziwa kuku?" akauliza, bila kutaja jina.

"Shilingi tatu," Tekla akasema.

"Kuku mmoja tatu?"

"Ndivyo ulivyoandika, Baba Apolinaria. Wawili, sita."

Akatoa tatu. Yule kuku akachinjwa palepale, wakala Mabruki na wabeba mizigo. Nikolaus hakupewa hata shingo, kwa kuwa mtoa faini hali. Usiku huo akajumlisha, na kuku wa faini humo: siku tisa, shilingi ishirini na senti thelathini. Kwa ishirini Tekla alikuwa akilisha, akifua na kuwasha taa mwezi mzima, na mumewe peke yake alikuwa amezimaliza ndani ya siku tisa, tena amekonda. Mwingine angefunga daftari, akavua kofia, akaenda kwa mkewe. Yeye alipiga mstari chini ya jumla hiyo, akapuliza wino.

Wala msidhani Tekla alikuwa anastarehe kule. Siku zilikuwa zinapungua. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili ndiyo ilikuwa treni ya mwisho ya kumfikisha mtoto kwa wakati, na hela ya suti ilikuwa kwenye kopo la vifungo la Mabruki, nyumba ile ile aliyokuwa akilala Apolinaria, hatua tatu kutoka kichwani pake. Mabruki asingeweza kuitoa. Utani unachukua kitu cha mtu. Hela aliyokupa mtu kwa kazi haichukuliwi kwa utani, huo ungekuwa wizi, na Mabruki hakuwa mwizi. Ilibidi mwenyewe Nikolaus aseme.

Ijumaa mchana Mabruki akamwita.

"Keti, mpagazi. Leo ndiyo siku ya kukata, nikichelewa tarehe ishirini itanikuta. Kitambaa hiki hapa, bado kimekunjwa. Nina vitu vyako vya aina mbili: sitini zako, na watu wako wawili. Bei ya kukomboa watu ni sitini. Ukiwakomboa, suti basi. Nikikata suti, watu wanabaki na mimi. Hela moja hainunui mara mbili."

Nyuma ya baraza kulikuwa na ua wa matete tu. Tekla na Apolinaria walikuwa upande wa pili wakichambua mboga. Nikolaus alijua wako pale. Ndala za mtoto zilionekana chini ya matete.

Mama Mdogo alisema mumewe alifikiri kwa muda wa kumenya karanga tano. Alizimenya mbele yangu, tano, nione ulivyo mfupi.

"Kata," Nikolaus akasema.

Apolinaria akaweka chini fungu la mboga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na amemsikia baba yake. Tekla hakumshika mkono wala hakumwambia neno. Aliendelea kuchambua. "Ningemwambia nini?" akaniuliza. "Kwamba hakusema?"

"Haya," Mabruki akasema. "Simama, nyanyua mikono, nihakikishe vipimo."

Akazungusha futi kiunoni. Akaisoma. Akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma tena.

"Desemba ulikuwa thelathini na nne. Leo thelathini na mbili na nusu. Nikate ipi?"

"Kata ya Desemba."

"Basi mkubwa atakapokuja ataona suti imesimama, na karani anamtafuta humo ndani."

Palikuwa na wateja watatu barazani. Mmoja akakohoa.

"Kata ya leo," Nikolaus akasema.

"Kuna siku tisa mbele. Ukiendelea kununua chakula kwa shilingi na senti ishirini, hata ya leo itakuwa gunia. Usishushe mikono, sijamaliza kifua."

Wakati huo Mwanne akatoka ndani na sinia. Alikuwa ameleta chakula cha mchana cha mumewe: matobolwa, yaani ile michembe ya Tekla iliyochemshwa ikalainika, imechanganywa na karanga za Tekla zilizopondwa, na juu yake asali ya Usinge. Akaliweka kwenye meza ya cherehani, karibu kabisa na kiuno kinachopimwa. Mwanne alisema "Karibu, shemeji," kama adabu inavyotaka, akarudi ndani. Mtu aliyenyanyua mikono hawezi kukaribia chakula. Nikolaus alisimama vile, mikono juu kama aliyekamatwa na askari, macho kwenye sinia, na tumbo lake likanguruma. Lilinguruma kwa muda mrefu. Wateja wote watatu walilisikia, na nyuma ya matete walilisikia.

"Nani atanilisha mpaka tarehe ishirini?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Alikuwepo mtu akikulisha," Mabruki akasema. "Ulimwandika."

Nikolaus akashusha mikono.

"Zichukue."

"Nini?"

"Hizo sitini. Arudi apike."

"Na mtoto?"

"Na mtoto aende huko anakotaka kwenda."

Hayo ndiyo maneno yake. Watu wengine, ndugu zake, husimulia kwamba Nikolaus alimhurumia binti yake akauza suti amsomeshe. Mimi nimewasikia kwenye msiba wakisema hivyo, nikawaacha waseme. Tumbo ndilo lililomsomesha Apolinaria. Baba yake alilisindikiza tu.

Mabruki akafungua kopo la vifungo, akatoa noti tatu za ishirini, akamwita Tekla, akampa mkononi. Tekla akazihesabu. Noti tatu, akazihesabu mara mbili. Hakuwa na shaka na Mabruki. Alitaka mumewe amwone anahesabu.

"Mke wako huyo, mpagazi," Mabruki akasema. "Nimemrudisha mzima. Kitambaa ukitaka nitakushonea kaptula."

Jumamosi saa tisa alasiri, Tekla na Apolinaria wakaenda stesheni na sanduku la mbao. Noti tatu zilikuwa zimeshonewa ndani ya gauni la mtoto, ubavuni. Nikolaus alikuwa kazini, kofia kichwani, kalamu sikioni. Akasema sanduku lipimwe.

"La mtoto wako, Baba Apolinaria," Tekla akasema.

"Mizani haina mtoto."

Likapimwa. Lilikuwa limezidi ratili sita, kwa sababu ya karanga alizofungiwa. Akadai senti hamsini. Mbeba mizigo mmoja akageuza uso akatazama mwembe. Tekla akafungua pindo la kanga, akatoa senti hamsini, akaziweka juu ya mizani, na Nikolaus akaandika risiti, na karatasi ya kaboni chini yake, kama kwa abiria yeyote.

"Shikamoo baba," Apolinaria akasema. "Ninakwenda."

"Marahaba. Usome. Hela hiyo ni ya kwangu."

"Ndiyo, baba."

Alimwambia ndiyo hiyo akiwa anamtazama kofia, si macho. Mama Mdogo aliliona hilo, akajua mtoto amekwisha kua. Treni ikaondoka. Kabla haijafika kituo cha pili Apolinaria alikuwa amelala, kichwa dirishani, mkono umebana ubavu wenye noti. Alikuja kulisimulia hilo mwenyewe likizo ya Juni, na kwamba aliamka Tabora.

Tekla akarudisha vitu vyake nyumbani, mtungi, kinu, kuni, kuku waliobaki. Akawasha moto, akapika ugali na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Nikolaus akala sahani tatu. Hakuomba radhi wala hakushukuru. Alipomaliza alichukua daftari, akalifungua, akalitazama muda mrefu, kalamu mkononi, asiandike, akalifunga. Kisha akavua kofia, akajitupa kitandani.

Ng'ambo ya stesheni Mabruki alifunga duka, akaswali isha, naye na Mwanne wakalala. Taa yao ilionekana kuzimika.

Nikolaus naye alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi. Tekla alisimama na kandili akamtazama kidogo, kama unavyoutazama mzigo uliokaa stesheni siku nyingi na mwenyewe hajaja kuuchukua. Akaosha sahani. Akaufukia moto kwa majivu. Akapunguza utambi mpaka ukafa, akajilaza upande wa ukutani, akampa mgongo, akalala.